Kwa nini gazoni huzama maji juu ya mawe yanayoyameza?

Mwaga ndoo ya maji juu ya mawe ya volkano pale Goma, mashariki mwa Kongo: hayakai. Yanapotelea kwenye nyufa na vitundu, na baada ya dakika moja jiwe limebaki na unyevu tu. Ndiyo maana mtu akitaka gazoni, yaani uwanja wa majani mafupi, mbele ya nyumba, ushauri anaopewa ni uleule: usiogope mvua, mawe yatameza maji, wewe ogopa jua. Mwaga udongo kidogo, tandaza majani, mwagilia. Na pale ambapo mawe ni haba, tanguliza kokoto ndipo udongo ufuate, ili maji yapate njia.

Halafu Novemba inafika. Gazoni inageuka njano, ukikanyaga maji yanachuruzika kati ya vidole, na ukifunua kipande unakutana na harufu ya tope lililooza. Julai gazoni hiyohiyo imekauka. Lawama humwangukia aliyeuza majani, au jirani anayepitisha mbuzi. Kumbe magonjwa yote mawili, kuzama na kukauka, yana chanzo kimoja: maji yaliyo ndani ya udongo hayana haraka ya kuingia kwenye mawe.

Mazingira yenyewe yanajulikana. Goma imekaa juu ya lava za zamani na za juzi. Volkano ya Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu na kufunika sehemu ya njia ya ndege, tena tarehe 22 Mei 2021. Watu walijenga upya juu ya mawe hayo, na udongo wa bustani huletwa kwa lori, au kwa mifuko juu ya chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma. Ukilipa kwa mfuko, unajifunza kuupunguza. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Maji ndani ya udongo hayateremki tu kwa sababu ni mazito. Yanashikwa. Kila punje imevaa utando wa maji, na kati ya punje na punje mna vijinafasi vinavyoyavuta na kuyazuia. Nafasi ikiwa nyembamba zaidi, inavuta kwa nguvu zaidi: katika mrija safi wa kioo wenye kipenyo cha milimita 1, maji hupanda kama sentimita 3, katika mrija wa milimita 0.1, hupanda kama sentimita 30. Udongo wa bustani una nafasi nyingi nyembamba kuliko hizo. Kokoto na mawe yaliyovunjika vina nafasi za milimita kadhaa, hata upana wa kidole, na humo mvuto huo ni kama haupo. Basi tone lililofika mpakani, udongo unapokutana na mawe, litatokaje mahali linaposhikwa liende mahali lisiposhikwa? Halitoki, mpaka udongo wa chini kabisa ushibe na kila nafasi ijae. Hapo ndipo maji huanza kudondoka mawe yakayameza. Mvua ikikatika, kudondoka nako kunakoma, na safu ile ya chini inabaki imeshiba.

Jambo hili unaweza kuliona kwa sponji ya kuoshea vyombo. Itumbukize majini mpaka ishibe, kisha ishike ikiwa imelala, juu ya beseni, bila kuikamua. Itadondosha kidogo na kuacha. Chini yake hakuna kitu ila hewa, njia iliyo wazi kuliko mawe yoyote ya volkano, na bado maji hayatoki. Sasa isimamishe kwa urefu wake. Inaanza kudondosha tena, wala hujaiminya. Sponji ni ileile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kimo. Ukingo wa chini umebaki umeshiba, lakini juu yake sasa kuna sehemu iliyotoa maji na kuingiza hewa. Udongo wa sentimita 8 juu ya mawe ni sponji iliyolala. Udongo wa sentimita 25 ni sponji iliyosimama, na mizizi, ambayo huhitaji hewa kama inavyohitaji maji, ina mahali pa kukaa.

Kutokana na hapo, kutanguliza kokoto kunageuka kuwa kinyume cha kilichokusudiwa. Kimo cha sehemu iliyoshiba hutegemea aina ya udongo, si unene wake: katika mchanga ni kifupi, katika udongo wa mfinyanzi ni kirefu. Ukiwa na nafasi ya sentimita 20 na ukatanguliza kokoto kwa kimo cha sentimita 5, hujashusha maji. Umeipandisha sehemu iliyoshiba kwa sentimita 5 kuelekea kwenye mizizi.

Wataalamu wa udongo wamelijua hili siku nyingi. Katikati ya karne iliyopita Walter Gardner wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, alilionyesha nyuma ya kioo: maji yanashuka, yanafika kwenye safu ya punje kubwa, yanasimama, yanatambaa upande upande. Na tangu 1960 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kimekuwa na maelekezo ya kujenga uwanja mdogo unaozunguka shimo: sentimita 30 za mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto. Kokoto hizo, pamoja na kupokea maji ya ziada, zinafanya kazi hasa tunayoilalamikia: zinayazuia maji yabaki katika sehemu ya chini ya mchanga, ambao vinginevyo ungekauka upesi mno. Baadhi ya majani yanayotunzwa kwa gharama kubwa kuliko yote duniani yanaishi juu ya tatizo letu. Tofauti ni kwamba wao walipima kimo.

Kipindi cha jua, mpaka uleule hufunga njia ya maji kupanda. Unyevu uliojificha kwenye nyufa za mawe hauna nafasi nyembamba za kupandia, kwa hiyo gazoni inabaki na akiba ya udongo wake tu. Kwa makadirio ya kawaida, sentimita 10 za udongo wa wastani huweka kama milimita 15 za maji ambayo mizizi inaweza kuyanywa, yaani lita 15 kwa kila mita ya mraba: bidoni ya lita 20 isiyojaa. Majani yakitumia milimita 3 au 4 kwa siku, akiba hiyo haimalizi wiki.

Haya ni kweli pale mawe yanapopitisha maji, na lava haikuganda namna moja kila mahali. Safisha kipande cha parseli umwage bidoni nzima. Maji yakipotea, shida yako ni hiyo ya mpaka. Yakisimama, una bamba lisilo na ufa, na hilo ni dimbwi la kawaida: livunje au tengeneza mteremko. Bukavu, kwenye miteremko ya udongo mwekundu wenye kina, adui mkubwa huwa ni mmomonyoko, na hiyo ni habari nyingine.

Kwa Goma, basi, pesa ya kokoto inunue udongo. Fikisha sentimita 20 hadi 25 baada ya kushindilia kwa miguu na kumwagilia. Mashimo makubwa ya lava yazibwe kwa mawe madogo yaliyobanwa, kwa sababu moja tu: udongo usidondoke humo kila mvua na kuacha mabonde. Acha mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita, kutoka nyumbani kwenda nje, ili maji yanayotambaa mpakani yapate pa kutokea. Tumia udongo wa aina moja. Mbolea ichanganywe kote, isitandazwe kama tabaka. Kutandaza kwenyewe ni kazi ya siku moja: vipande vibanane, viungo visikutane kwenye mstari mmoja, maji siku hiyohiyo.

Mpaka mwingine huja umebebwa ndani ya vipande vyenyewe. Paspalum, aina ya majani ya gazoni, iliyokatwa kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, ikilazwa juu ya udongo wa majivu ya volkano, inakuja na sponji yake ya sentimita 2 au 3, na mizizi huweza kubaki humo. Vipandikizi, vinavyoonekana vya kimaskini miezi ya mwanzo, havina shida hiyo kwa kuwa havibebi udongo. Kwa vipande, baada ya wiki mbili au tatu inua kona moja taratibu. Ikikataa, mizizi imevuka. Ikifunuka kirahisi, na mizizi myeupe imejikunja chini yake bila kushuka, acha kuongeza maji. Toboa vitundu vyembamba kote mpaka kwenye udongo wa chini, uvijaze udongo uleule wa chini, kisha usubiri wiki nyingine mbili kabla ya kuinua tena.