Ukikodi boti ya kuvulia sangara wakati wa kipupwe

Katikati ya Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ukisimama mwaloni Kirumba, zinapotua boti pale Mwanza kwenye Ziwa Victoria, utaona maji yametulia na mbingu haina wingu. Umekodi boti kwenda kuvua sangara kwa ndoano, mafuta yameshajazwa, wenzako wameshapanda. Nahodha anasema tusubiri kwanza. Ni rahisi kudhani anakuzungusha ili umwongeze hela. Mimi niliwahi kudhani hivyo, na kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa.

Ndiyo maana leo nazungumza na mteja, si na nahodha. Manahodha wengi wanalijua ziwa hili kuliko sisi tunaokaa ofisini. Anayehitaji kuelezwa ni yule anayekodi boti mara moja moja, wakati wa likizo au wageni wanapomtembelea. Yeye ndiye mwenye pesa, na mara nyingi ndiye anayeamua boti itoke, bila mwenyewe kujua kwamba ameamua.

Kwanza utulivu huo wa asubuhi. Kuanzia Juni hadi Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki, ule ule ambao watu wa pwani wanauita kusi. Usiku nchi kavu nayo hupoa haraka kuliko maji, na hewa yake ya baridi huteremka kuelekea ziwani. Mwanza iko upande wa kusini wa ziwa, kwa hiyo pepo hizi mbili zinaelekea njia moja: zinatoka nchi kavu kwenda majini. Alfajiri na asubuhi, wakati zimeungana, wewe uliyesimama mwaloni umekingwa na vilima na mawe yaliyo nyuma yako.

Wimbi halikui kwa upepo peke yake. Linahitaji pia muda, na linahitaji nafasi ya maji yaliyo wazi mbele ya upepo. Ufukweni nafasi hiyo haipo, hivyo hata upepo mkali huacha maji yakiwa laini. Kadiri unavyokwenda mbele nafasi inaongezeka na wimbi linapanda. Ukishatoka kwenye Ghuba ya Mwanza uko kwenye ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Utulivu wa mwaloni haukuambii lolote kuhusu huko.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulitambua wakiwa wamechelewa. Kwenda, upepo unakusukuma mgongoni. Boti inateleza, watu wanacheka, mafuta yanaonekana yatatosha. Ukigeuza kurudi ndipo unakutana na upepo ule ule usoni, maji yanarukia ndani, na injini inakunywa mafuta mengi kwa mwendo mdogo. Siku za kawaida upepo wa mchana hugeuka na kutoka ziwani kuja nchi kavu, na hapo kurudi huwa nafuu. Kusi likiwa kali, upepo huo wa mchana huchelewa au hushindwa kabisa. Upepo huo ukifanikiwa kugeuka, mawimbi mapya yanapanda juu ya yale ya zamani na boti inapigwa pande mbili.

Waliozoea bahari ya Dar es Salaam au Tanga wajue pia kwamba wimbi la ziwa si kama la bahari kuu. Ni fupi, limesimama wima, na mawimbi yanafuatana karibu karibu. Boti haijamaliza kushuka hili, lile la pili limeshafika. Na maji ya ziwa, yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo mwili unaelea kidogo zaidi chini kuliko ulivyozoea baharini.

Macho yako yanaweza kukusaidia. Ukiona povu jeupe linatokea hapa na pale juu ya mawimbi, upepo umefika kama kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Povu likienea kila unakotazama, umevuka 20. Kwa boti ndogo ya mbao yenye watu watano na mizigo, mimi hapo nageuza. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, wala haikupi muda wa kujadiliana.

Julai moja, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa wanne na nahodha mtu mzima. Akatuambia tusubiri hadi saa nne. Nikamjibu, "Mzee, nimeangalia utabiri, upepo utakuwa mdogo." Nilichokuwa nimeangalia ni utabiri wa mji, sikuangalia wa ziwa. Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, twende." Tulipopita Igombe na kuingia maji ya wazi, wimbi la tatu au la nne lilitua lote ndani. Tulichota maji kwa ndoo na kwa mfuniko wa boksi la barafu. Mzee alipunguza mwendo, akaelekeza omo, yaani mbele ya boti, ubavuni kidogo mwa mawimbi, akatupeleka nyuma ya kisiwa kidogo, tukakaa huko mpaka jioni.

Tukiwa pale nilimuuliza kwa nini alikubali. Akasema pesa ya awali niliyompa siku mbili kabla ilikuwa imeshaingia kwenye mafuta na matengenezo ya injini. Angekataa, angedaiwa hela ambayo hakuwa nayo.

Tangu siku hiyo, ushauri wa kwanza ninaoutoa kwa mtu anayekodi boti hauhusu mawingu. Unahusu malipo. Kabla hujatoa hata shilingi, mwambie nahodha mbele ya wenzako: ukisema hatutoki, pesa ya awali ni yako, ukisema turudi tukiwa njiani, unalipwa yote. Sema waziwazi, na umaanishe. Inaweza kukuuma mfukoni. Lakini usipofanya hivyo, umemwekea mtu aliyeshika usukani sababu ya kuficha hofu yake, na uhai wako umo humo botini.

Vifaa utavikagua mwenyewe kabla ya kupanda: jaketi okozi kwa kila mtu, limevaliwa na kufungwa, si limekaliwa, makasia, nanga yenye kamba ndefu, ndoo mbili, mafuta ya ziada, tochi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Injini ikizimika, teremsha ndoo majini kwa kamba iliyofungwa omoni. Itaivuta omo itazame mawimbi, boti isigeuke ubavu. Boti ikipinduka, ishikilieni. Mbao huelea hata zikijaa maji, na boti huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Watu wengi hufa wakijaribu kuogelea kwenda kisiwa kilichoonekana karibu.

Miezi ya mvua ina hatari yake. Mchana unyevu wa ziwa hupelekwa nchi kavu na kujenga mawingu ya radi. Usiku pepo kutoka pande zote hukutana juu ya maji, na dhoruba hupasuka humo hadi alfajiri. Ukiona radi nyingi nchi kavu alasiri, usipange kulala ziwani. Dhoruba inayosafiri kilomita 40 kwa saa huwezi kuikimbia kwa injini ndogo. Hewa ikipoa ghafla na mstari mweusi ukitokea juu ya maji, upepo umeshafika, mvua iko nyuma yake.

Nchi nzima inakumbuka kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996 na MV Nyerere Septemba 2018. Boti ndogo hazikumbukwi hivyo. Makadirio yanayotajwa na watafiti ni kwamba ziwa hili huua kati ya watu 3,000 na 5,000 kila mwaka, wengi wao wavuvi, mmoja huku, wawili kule, na habari inaishia mwaloni.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Ziwa Victoria kila siku. Usome huo, wa ziwa, jioni kabla ya safari, kisha uurudie asubuhi pamoja na nahodha, umwulize anaona nini.

Halafu mwachie mtu wa nchi kavu karatasi: majina ya wote waliomo, rangi ya boti, mnakoelekea, saa ya kurudi. Awe mtu anayekaa pale mwaloni mchana kutwa. Mama anayeuza chai anafaa. Mwambie, "Ikifika saa kumi na moja jioni hujatuona, usitusubiri, piga 114, Zimamoto na Uokoaji."