Sanduku la babu lileteni kama lilivyo

Simu za namna hii napigiwa sana. Mzee kafariki, msiba umeisha, watu wameshagawana vitu, halafu chini ya kitanda limebaki sanduku la bati limejaa makaratasi. Swali ni lilelile, tuyachome au nyie wa chuoni mnayataka? Tunayataka, tena sana. Shida ni kwamba wengi wanapiga wakiwa wameshaanza "kuyasafisha", wametoa wanachoona ni takataka, barua wamezipanga kwa miaka, za Kiingereza huku za Kiswahili kule, risiti zote zimeshatupwa, na hapo nusu ya maana ya lile sanduku imeshaondoka na sisi hatuwezi kuirudisha.

Mimi kazi yangu ni nyaraka, hasa makusanyo ya watu binafsi na historia za mahali. Watu wanafikiri tunasaka karatasi za mawaziri na maprofesa tu, na siwalaumu, maana ukipanda Mlimani ukaingia East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, makusanyo binafsi yanayotajwa zaidi ni ya kina Hans Cory, Muaustria mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, akaandika sana mila na sheria za Wasukuma na Wahaya, kafariki 1962, au Henry Fosbrooke ambaye baadaye alikuwa mhifadhi kule Ngorongoro. Ni hazina, sibishi hata kidogo. Ila hao ndo waliokuwa wanauliza maswali. Wazee waliokuwa wanajibu je, na makarani waliokaa katikati wanatafsiri? Hata vile vitabu vya wilaya vya enzi za Mwingereza, vyenye nasaba za watemi, yaani machifu, na mipaka ya nchi zao, ni DC kaandika alichoambiwa barazani, na barazani anayesikika ni mtemi na watu wake.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar walitumwa vijijini kuhoji wazee kuhusu Maji Maji, na yale mahojiano ni kati ya vitu bora kabisa tulivyonavyo kuhusu vita ile ya 1905 mpaka 1907. Lakini nayo ni mahojiano, mzee anakumbuka jambo la miaka 60 nyuma akiwa mbele ya kijana mwenye daftari. Karatasi ambayo mtu kaiandika mwenyewe siku yenyewe, kwa shida zake mwenyewe, ni kitu kingine.

Na hizo karatasi kwa Tanzania ziko majumbani, na sababu yake ni ya kihistoria kabisa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa. 1972 yakaja Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa. 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Halmashauri na ushirika vilirudi miaka ya 80, sawa, lakini jiulize kila ofisi ilipofungwa mafaili yalienda wapi. Mengine yalifika Nyaraka za Taifa, mengine yalifungiwa maandazi, na mengine karani aliyabeba akaenda nayo kwake, ama kwa uchungu wa kazi yake, ama kwa kuogopa kuja kudaiwa kesho. Kwa hiyo ukitaka historia ya kata, katafute nyumba ya karani. Nyumba ya mbunge hutapata kitu.

Nitoe mfano mmoja. Kaunta buku la karani wa chama cha msingi cha ushirika wa pamba, Kanda ya Ziwa, miaka ya 60, uzito bado unaandikwa kwa ratili, kile kipimo cha kabla ya kilo. Majina ya wakulima kushoto, halafu safu ya pamba safi, safu ya fifi, yaani pamba ya daraja la chini, halafu pesa. Kurasa za nyuma kaandika michango ya msiba, nani katoa shilingi ngapi, nani kaleta mahindi. Sasa katikati kuna kipande cha karatasi kimekunjwa, hakina tarehe, hakina jina, kimeandikwa kwa penseli kwamba mizani ya jana imenionea na wewe unajua. Ukikitoa ukakiweka kwenye bahasha ya "barua mbalimbali" kimekwisha, hakuna mtafiti atakayekielewa milele. Lakini kilikuwa kimebanwa kwenye ukurasa fulani, na kwenye huo ukurasa kuna mstari mmoja uzito wake umekatwa na kuandikwa upya, umeongezwa. Yaani malalamiko yapo, mlalamikaji tumempata, na jibu la karani tumelipata, vyote kwa sababu hakuna aliyepanga. Na ukikumbuka kwamba ushirika wa pamba kule wenyewe ulipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 50 kwa sababu wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara, unaona hapo kuna makala nzima, pengine tasnifu.

Ndo maana nasisitiza lije kama lilivyo, na vumbi lake. Likifika halipelekwi moja kwa moja stoo, maana mende na wadudu wa karatasi wakiingia humo wanakula na vya wenzio. Tunafunga kila kitu kwenye nailoni isiyopitisha hewa, inaingia friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, halafu ikitoka haifunguliwi mpaka irudi kwenye joto la chumba, ukiharakisha karatasi zinatoa jasho na hapo umejitafutia ukungu. Baada ya hapo tunatoa pini zilizoshika kutu, raba bendi, tunaweka kwenye mafolda na maboksi yasiyo na asidi, tunaandika orodha kwa kufuata mpangilio wa mwenyewe hata kama ni wa ajabu. Mzee aliyechanganya risiti za kodi na barua za mchumba alikuwa na sababu zake.

Nyumbani wakati mnasubiri, msiweke selotepu. Msilaminishe!! Vyeti vya ndoa vilivyolaminishwa nimeona vingi mno, ile plastiki imeunguzwa na karatasi haitoki tena. Msipulizie dawa ya mende. Picha zisizo na majina, kaeni na bibi aziangalie, majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, sio kalamu ya wino.

Kuna suala la haki ambalo familia nyingi hazilijui. Barua alizopokea babu yenu, karatasi ni yenu ila maneno ni ya aliyeandika, na kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 haki hiyo inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo mtafiti kuja kusoma ni jambo moja, kuichapisha yote ni jambo jingine. Na kama kuna faili la kesi ya uchawi au ugomvi wa mirathi na wahusika bado wapo mtaani, semeni, tunaandika kwenye hati ya makabidhiano kwamba hilo lisifunguliwe kwa miaka kadhaa. Hatuzuii familia kuweka masharti, tunachoomba yaandikwe, yasiwe ya mdomo.

Swali la mwisho huwa ni la ardhi, linaulizwa kwa sauti ya chini shangazi akiwa ameshatoka nje. Hati ya shamba, risiti za kununua kiwanja, barua ya mgao wa kijiji, hivyo msituachie. Vileteni tupige skani mbele yenu, na mnaondoka navyo siku hiyohiyo.