Kipandisha volti: kinachowasha taa za sola za bustanini

Fungua taa yoyote ndogo ya sola, zile zinazochomekwa ardhini kando ya maua. Ndani utakuta betri moja ya kuchaji, ya volti 1.2. LED nyeupe, yaani kitaa kidogo cha elektroniki kinachotoa mwanga, nayo inahitaji karibu volti 3 ili iwake. Ukiziunganisha moja kwa moja, hupati hata cheche ya mwanga. Kinachoziba pengo hilo ni kipandisha volti: saketi inayopokea volti ndogo na kutoa kubwa zaidi.

Moyo wake ni koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi. Swichi ya elektroniki inapounga njia, umeme wa betri hupita kwenye koili na kujenga usumaku. Swichi ikikata ghafla, usumaku unaporomoka na koili inang'ang'ania umeme uendelee kupita, hivyo volti inapanda mpaka umeme upenye kwenye LED. Jambo hili hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde, jicho likaona mwanga uliotulia.

Zamani kidogo swichi hiyo ilitengenezwa kwa transista moja (kifaa kidogo kinachounga na kukata umeme) na rezista moja (kifaa kinachopunguza mkondo), na koili ilikuwa ya nyaya mbili zilizozungushwa kwenye pete ya feraiti, kitu kigumu chenye sifa za sumaku. Siku hizi kuna chipu ya miguu minne, QX5252, inayofanya kazi yote. Hapa ndipo ninapoipenda zaidi: haihitaji kihisi cha giza. Inapima volti ya paneli yenyewe; jua likizama volti hiyo inashuka, na chipu inawasha taa.

Ukitaka kutengeneza taa yako ndani ya chupa, unahitaji chipu hiyo, koili, paneli ya volti 2, betri na LED. Iangalie koili vizuri. Mara nyingi ni ya kijani yenye michirizi ya rangi, na wengi huidhani rezista. Ukiweka rezista mahali pake, taa haitawaka.

Volti za ziada hazitoki hewani. Betri inazilipia kwa mkondo mkubwa kuliko unaofika kwenye LED. Tuseme paneli inachaji kwa miliampea 50 kwa saa 6 za jua kali: betri inapata miliampea-saa 300. Saketi ikivuta miliampea 60, hizo ni saa 5 za mwanga, pungufu kidogo kwa hasara za kuchaji. Koili ya mikrohenri 47 (mikrohenri ni kipimo cha koili) itang'arisha taa kuliko ya 220, ila betri itaisha mapema zaidi.