Maadili ya wenzetu: tunayodhani na yaliyopo

Dhana: Kila jamii ina maadili yake, hakuna linalofanana.

Zipo tofauti, lakini si za kiasi hicho. Mwaka 2019 Oliver Scott Curry na wenzake walichapisha uchambuzi wa maandishi kuhusu jamii 60. Walitafuta mambo saba: kusaidia ndugu, kuwa mwaminifu kwa kundi, kulipa fadhila, ushujaa, kutii wakubwa, kugawana kwa haki na kuheshimu mali ya mtu. Yalipotajwa, karibu kila mara yalihesabiwa kuwa mema. Ugomvi huanza yakigongana. Ndugu yako kaiba: umfiche au umtaje?

Dhana: Basi tunazaliwa nayo yote.

Hapa kuna jaribio ninalolipenda, lililochapishwa mwaka 2015 na kuongozwa na Peter Blake. Watoto wawili wanakaa wakitazamana, katikati pipi. Mmoja ndiye anayeamua: akivuta mpini wa kijani kila mtu anapata fungu lake, akivuta mwekundu wote wanakosa. Akiwekewa moja na mwenzake nne, anavuta mwekundu. Afadhali wakose wote. Hilo lilionekana kwa watoto wa nchi zote saba zilizochunguzwa, ingawa si kwa umri uleule. Geuza sasa, yeye apewe nne na mwenzake moja. Waliokataa neema hiyo walikuwa watoto wakubwa wa nchi tatu tu: Marekani, Kanada na Uganda. Uchungu wa kupunjwa, basi, umeenea. Kuona haya kwa kupendelewa kunategemea zaidi mahali mtoto anapokulia. Na wanaopenda kuigawa dunia kuwa Magharibi na wengineo, sijui Uganda wataiweka wapi.

Dhana: Ukarimu ni ukarimu, hakuna anayeukataa.

Joseph Henrich na wenzake walipeleka mchezo mmoja wa fedha katika jamii ndogo 15, matokeo ya awali yakatoka mwaka 2001. Mtu anapewa fedha, anamkatia mwenzake sehemu. Mwenzake akikataa, wote wanatoka mikono mitupu. Wamachiguenga wa Peru walitoa kama robo tu, na wenzao kwa kawaida wakapokea bila kinyongo. Kwa Waau na Wagnau wa Papua New Guinea, wapo waliotoa zaidi ya nusu, na bado wakakataliwa. Kwao zawadi ambayo hukuiomba inakufunga: utailipa siku atakayotaka mtoaji, kwa namna atakayotaka yeye. Anayekataa anakwepa deni. Jambo jingine, ambalo wenye kulaumu soko kwa kila uovu hawatalipenda: jamii zilizozoea zaidi kuuza na kununua ndizo zilizoelekea kugawana kwa usawa zaidi.

Dhana: Kila mahali, nia ndiyo inayohukumiwa.

Utafiti wa mwaka 2016 katika jamii kumi ulikuta nia ina uzito tofauti sana. Kisiwani Yasawa, Fiji, aliyedhuru kwa bahati mbaya alilaumiwa karibu sawa na aliyekusudia.

Dhana: Kueleza chanzo cha desturi ni kuitetea.

Hapana. Daktari akikwambia homa imetoka wapi, hajaisifu.

Dhana: Mipaka ya maadili ni mipaka ya nchi.

Mwaka 1993 Jonathan Haidt, Silvia Koller na Maria Dias waliwasimulia watu wa Brazil na Marekani visa vya kukirihisha visivyomdhuru mtu: mwanamke anakata bendera kuukuu na kusafishia choo, familia inamla mbwa wao aliyegongwa na gari. Wenye hali nzuri na elimu walielekea kusema: inatia kinyaa, lakini ni shauri lao. Watu wa kipato cha chini, Wabrazil kwa Wamarekani, walisema ni kosa na wakomeshwe. Pengo la tabaka lilikuwa kubwa kuliko pengo la nchi. Msomi wa Philadelphia, Marekani, na msomi wa Recife, Brazil, walielewana kuliko kila mmoja wao na jirani yake maskini.