Je, mbwa wa kazi akilala ndani anaharibika?

Wengi huamini kwamba mbwa wa kazi akilala ndani ya nyumba hulegea, pua hupoteza makali na utiifu huisha, kwa hiyo lazima akae bandani nje.

Kinachojulikana ni tofauti. Mbwa wanaowaongoza wasioona huishi ndani na watu hao, na mbwa wengi wa polisi hurudi nyumbani na askari wanaowaongoza, kisha asubuhi hufanya kazi vizuri. Uwezo wa kunusa hutokana na maumbile na mazoezi. Mahali pa kulala hapaufuti.

Imani hii ina chembe ya ukweli: mbwa anayelinda kondoo hulelewa nao tangu akiwa mdogo ili awazoee, na aliyekaa sana kwenye joto la ndani huhitaji muda kuizoea baridi. Banda nalo si ukatili, mradi liwe kavu, lenye kivuli na hewa, na mbwa asiachwe mpweke kutwa. Upweke huo ndio unaonisikitisha zaidi.

Ukitaka kuhakikisha, mlaze mbwa wako ndani wiki kadhaa bila kubadili mazoezi wala chakula, huku ukiandika anavyoitikia amri na anavyofuata harufu. Linganisha na wiki za bandani.