Je, wajua kwa nini kumwambia mlevi "acha leo" kunaweza kumuua?

Familia ikishachoka na unywaji wa baba au kijana wao, mara nyingi humpa sharti moja: acha leo, tena kabisa. Wengine humfungia chumbani wikendi nzima ili pombe imtoke. Wanafanya hivyo kwa upendo, lakini kwa mtu aliyekunywa kila siku kwa miezi au miaka, kukatiza ghafla ni hatari kubwa.

Pombe hupooza ubongo. Ukipoozwa kila siku, ubongo hujiongezea kasi ili mtu aweze kuamka na kwenda kazini. Pombe ikiondolewa ghafla, kasi hiyo hubaki bila breki. Saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho, mikono hutetemeka, jasho hutoka na moyo huenda mbio. Kati ya saa 12 na 48 anaweza kupatwa na kifafa. Siku ya 2 hadi ya 4 wengine huweweseka: hawajui wako wapi, wanaona wadudu ukutani, homa inapanda. Asipotibiwa hapo, anaweza kufa.

Utamjuaje aliyefika huko? Mwangalie asubuhi kwenye chai. Anashika kikombe kwa mikono miwili, au anainama kukifuata mezani ili asimwage. Kisha anatoka kidogo "kutoa loki", yaani kunywa kidogo ili kuondoa maumivu ya pombe ya jana, na kurudi ametulia tuli. Huyo mwili wake unaitegemea pombe. Akikwambia alikunywa "kwota tu", piga hesabu: mililita 250 za pombe kali ya asilimia 40 ni sawa na bia 4 za nusu lita za asilimia 5. Mzinga wa mililita 750 ni bia 12.

Sasa mazungumzo. Usiku amelewa, alfajiri anatetemeka. Nyakati zote mbili hakusikii. Saa nzuri ni ile ametulia, aghalabu kabla ya adhuhuri. Muwe wawili tu. Kikao cha wajomba na mashemeji humfanya ajitetee, na akishajitetea mbele ya watu hawezi kurudi nyuma. Usimwite mlevi. Taja ulichokiona: "Jumanne ulianguka kwa ngazi. Alhamisi hukuenda kazini. Wewe mwenyewe unaonaje?" Kisha nyamaza, hata kama kimya hicho kinakuuma.

Wengi hujibu, "Mimi naweza kuacha wakati wowote." Jibu linalotujia haraka ni "basi acha tuone," na hilo ndilo baya kuliko yote, kwa maana anaweza kujaribu kweli, peke yake, mlango umefungwa. Afadhali umwambie: "Naamini unataka. Twende kwanza tukamwone daktari, ndiyo uache salama." Hospitalini hupewa dawa kama diazepamu, inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1. Mwelezeni daktari kiasi anachokunywa na saa ya glasi ya mwisho. Kabla ya hapo usimwage pombe yake.

Akipatwa na kifafa, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbizeni kitengo cha dharura.

Kwa heroini mambo hugeuka. Arosto, yaani mateso ya kuikosa heroini, humtesa mtu sana lakini mara chache humuua mtu mzima. Hatari kubwa huja baadaye, akirudia kipimo chake cha zamani wakati mwili umeshakisahau. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya Barabara ya Thika jijini Nairobi, imekuwa ikitoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, kwa waraibu hao tangu 2014.

Akikataa kwenda, usimsihi siku hiyo. Mwachie namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, isiyotozwa malipo, na uipige wewe mwenyewe pia. Hata jamaa hupewa ushauri. Umrudie wiki ijayo, saa ileile, kwa sauti ileile.