Kumwita dada yake si uchuro

Mimi ni muuguzi wa huduma shufaa. Natuliza maumivu ya watu ambao ugonjwa wao hauponi tena, wengi wakiwa wamesharudishwa nyumbani. Katika nyumba hizo nalisikia neno "uchuro" kuliko jina la dawa yoyote. Mtoto akitaja wosia, anamchuria baba. Mgonjwa akitaja atakapozikwa, anajichuria. Basi kila jambo linawekwa hadi apate nafuu.

Nafuu yenyewe naijua, maana mimi ndiye ninayeipima kwa bomba la sindano. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili mtu alale hadi alfajiri. Hatungoji maumivu yarudi. Tunampa na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishi mtu kufa. Nalirudia hili kila nyumba. Ikimkaa vizuri, yule aliyekuwa amejikunja kitandani anaketi, anaomba uji, anauliza nani kaja.

Siku hizo ni chache. Ugonjwa haujasimama, na baadaye usingizi unamzidi. Familia nyingi zinangoja nafuu kubwa kuliko hiyo, na haiji.

Mzee mmoja, fundi cherehani, alitaka kumwona dada yake aliyeko Lindi. Miaka mingi hawakusemezana kwa sababu ya shamba la minazi. Mwanawe akamwambia, "Tutamwita ukipata nguvu, baba." Nikamtoa kijana uani: "Mwanangu, nguvu ndiyo hii." Alinikasirikia. Usiku akapiga simu.

Keshokutwa yake shangazi akafika na kikapu kilichofunikwa kanga. Akaketi kando ya kitanda, akaushika mkono wa kaka yake, akaomba wembe na kuanza kumkata kucha, taratibu, kidole kimoja kimoja. Saa 8 nikaingia na dawa. Mzee akaniashiria kwa mkono uliobaki: subiri kidogo. Nikasubiri mlangoni.

Sasa siku ya kwanza kabisa, kabla sijafungua mkoba, namuuliza mgonjwa mbele ya wanawe: "Nani ungependa aje?" Jina likitajwa, naomba simu ipigwe nikiwa bado nimekaa palepale.